Ukipewa 720,720, itazame kabla hujaigawa

Anayeanza nadharia ya namba akikabidhiwa namba kubwa hukimbilia kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, hadi karatasi ijae. Tazama kwanza namba yenyewe. Katika 720,720 tarakimu tatu za mwanzo zimejirudia mwishoni, kwa hiyo hii ni 720 × 1,001. Nayo 1,001 ni 7 × 11 × 13. Likariri zao hilo, litakufaa kwa kila namba ya tarakimu sita yenye umbo hilo, iwe 358,358 au 904,904. Imebaki 720, ambayo ni 16 × 9 × 5. Basi andika:

720,720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Mstari huu mmoja ndio utakaojibu karibu kila swali utakaloulizwa kuhusu namba hii, kwa hiyo uhakikishe kwa kuzidisha upya kabla ya kuendelea.

Ina vigawo vingapi? Ongeza 1 kwenye kila kipeo, kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Ile 1 inatoka wapi? Ndani ya kigawo, 2 inaweza kuingia mara 4, 3, 2, 1, au isiingie kabisa. Hizo ni nafasi tano. Wengi huzisahau 5, 7, 11 na 13 kwa kuwa hazina kipeo kilichoandikwa, wakaishia na 15. Kipeo chake ni 1, na kila moja inakuongezea maradufu.

Kosa linalojificha zaidi ni hili. 720 ina vigawo 30, 1,001 ina 8, na 30 × 8 ni 240 kamili. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani njia hiyo inafaa kwa mgawanyo wowote. Jaribu 840 × 858, ambayo pia ni 720,720. 840 ina vigawo 32 na 858 ina 16. Ukizidisha unapata 512, zaidi ya mara mbili ya jibu. Sababu ni kwamba 840 na 858 zote zinagawanyika kwa 2 na kwa 3, hivyo vigawo vingine vimehesabiwa zaidi ya mara moja. Zidisha idadi pale tu ambapo kigawo kikubwa cha shirika cha sehemu zako mbili ni 1. (Kati ya jozi zote 120 za vigawo ambazo zao lake ni 720,720, jozi hiyo, 840 na 858, ndiyo iliyokaribiana zaidi.)

Jumla ya vigawo hufuata sharti hilohilo: 31 × 13 × 6 × 8 × 12 × 14 = 3,249,792. Hapo 31 ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16, na 13, namba ya pili katika mstari, ni 1 + 3 + 9. Usiichanganye na ile 13 iliyo kigawo tasa. Yenyewe imetoa 14.

Namba hii pia ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha 1 hadi 16. Kwa 17 inabakiza 5, ila kwa 18 inagawanyika bila baki, maana 18 ni 2 × 3² na vyote vimo. Ndiyo maana ukiizidisha kwa 17 tu unapata 12,252,240, na umeshafika hadi 18.