Mume wangu yuko kituo cha wazee, mawifi wanasema nimemtupa

"Shangazi, nina miaka 67, naishi Kiboriloni, Moshi. Mume wangu, mtu wa Rombo, ana ugonjwa wa kusahau. Alikuwa anatoka usiku, namfuata na tochi mpaka barabarani, mwisho mimi na wanangu tukampeleka kwa masista wanaotunza wazee upande wa Arusha. Mawifi wanasema nimemtupa. Nikienda jioni ananing'ang'ania nisiondoke, siku nyingine ananiita jina la marehemu dada yake. Nikirudi sili wala silali. Niache kwenda ili asiumie?"

Mama yangu, shikamoo. Jibu nakupa hapa hapa juu, usiache kwenda, ila badilisha namna ya kwenda.

Kwanza hili la kumtupa. Wewe ndo uliyekuwa unamtoa barabarani usiku na tochi, sasa nani amemtupa hapo? Mtu anayetoka nje saa nane usiku anahitaji watu wa kupokezana zamu, mtu mmoja hawezi hata awe na mapenzi kiasi gani. Na ugonjwa wenyewe sio uzee wa kawaida wala kurogwa, ni ubongo unaharibika, na sio wa Ulaya tu, hapo wilaya ya Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakakuta karibu watu 6 katika kila 100 wa miaka 70 kwenda juu wanao. Kwahiyo wako wake wengi huko mlimani wanafunga geti kwa kufuli usiku na hawasemi. Wifi akirudia maneno yake mjibu kwa heshima, wifi, Jumamosi twende wote ukashinde na kaka yako. Mwambie hivyo mbele ya shemeji mkubwa.

Sasa safari. Wagonjwa wengi wa hivi jua likianza kushuka wanachafukwa, wanataka kwenda kwao hata kama wako kwao, na wewe unaenda kumuaga saa hiyo hiyo. Panda Coaster ya asubuhi, ondoka chakula cha mchana kinapoletwa, muombe sista akae naye kabisa, akishaanza kula ndo utoke. Usiage kwa kirefu mlangoni, sema tu "baba kula, nitakuja". Akikuita jina la dada yake itika, usimsahihishe, utamtia hofu bure.

Usiende mikono mitupu pia. Kama alikuwa mtu wa kihamba, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mpelekee kahawa kidogo au maharage mchambue wote kwenye ungo, na muimbe zile nyimbo za kanisani za utotoni, maana ya zamani kwa kawaida hukaa kichwani kuliko ya jana.

Halafu lugha, na hapa naomba unisikilize sana. Wazee hawa Kiswahili kinaweza kuwatoka wakabaki na lugha ya nyumbani, na anayemhudumia labda ni binti wa Singida. Anaomba choo haeleweki, anakasirika, wanasema mzee mkorofi. Kaa na mwanao muandike kwa herufi kubwa maneno yake ya Kirombo, maji, choo, baridi, panauma, Kiswahili chake pembeni, karatasi hiyo muibandike ukutani juu ya kitanda. Ongezeni na chai anavyoipenda, na sikio gani linasikia vizuri. Hayo unayajua wewe mkewe, nesi atayajuaje?

Nyumbani sasa. Mama, wewe uko msibani, ila hakuna turubai wala matanga ndo maana hakuna aliyekuja kukaa na wewe, wakikukuta njiani wanauliza "mzee anaendeleaje" wanapita. Waambie. Akina mama wa kanisani kwako wanajua kushinda na mfiwa, lakini hawatajua kwamba jioni ndo zinakumaliza mpaka useme. Mjukuu mmoja aje awe analala hapo. Na ukicheka na majirani siku moja usijihukumu, mzee wako hapungukiwi kitu.

Ila hilo la kutokula na kutolala lisikae. Likizidi wiki mbili nenda hospitali, na ukifika usiseme presha tu kama tulivyozoea, mwambie daktari hivi hivi ulivyoniandikia mimi, mume yuko kituoni, sili, silali. Nenda na mwanao, akusaidie kusema ukianza kulia.