Malkia hakutawazwa Kenya

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Malkia Elizabeth II, aliyetawazwa mwaka 1952 akiwa Kenya, tulimwita malkia. Sasa Camilla naye anaitwa malkia. Je, malkia ni mwanamke anayetawala au ni mke wa mfalme?"

Ni wote wawili. Neno tumelipata kwa Waarabu, malika, na Kiswahili hakikuwatenga: anayetawala mwenyewe ni malkia, na mke wa mfalme ni malkia. Ukichelea kuchanganya, sema "malkia mtawala" kwa Elizabeth na "malkia, mke wa Mfalme Charles" kwa Camilla. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni hilo "aliyetawazwa mwaka 1952 akiwa Kenya", ulilolipitisha kana kwamba halina neno. Limenikera miaka mingi. Nalikuta magazetini, nalisikia redioni, nalisahihisha kwenye insha za wanafunzi, na kesho yake limerudi.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 Elizabeth, mwanamke wa miaka 25, alilala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo baba yake, Mfalme George VI, alifariki usingizini kule Sandringham. Binti hakujua. Asubuhi aliteremka, akarudi Sagana, na hapo ndipo mumewe alipompa habari. Tayari alikuwa malkia, tangu baba yake alipokata roho, maana Uingereza kiti cha ufalme hakikai wazi hata dakika moja. Lakini pale Sagana hapakuwa na askofu, wala taji, wala kiapo. Palikuwa na mtu aliyefiwa, anafungasha mizigo apande ndege arudi kuzika.

Kutawazwa kulikuja tarehe 2 Juni 1953, Westminster Abbey. Alikula kiapo, akapakwa mafuta chini ya kitambaa cha dhahabu kilichoshikiliwa juu yake huku kamera zimezuiwa, kisha Askofu Mkuu wa Canterbury akamvika taji lenye uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kati ya msiba na taji ilipita karibu miezi 16. Anayeandika "alitawazwa 1952" anaifuta yote.

Najua wapo watakaonijibu kwamba tawaza limenyambuliwa kutoka tawala, kama laza kutoka lala, kwa hiyo kutawazwa ni kufanywa utawale, basi. Unyambuaji huo naukubali. Lakini Mswahili akisikia leo "ametawazwa" anaona sherehe: watu wamekusanyika, kuna wa kuvika na wa kuvikwa. Na habari za malkia wa Uingereza haziandikiki bila kutenganisha mambo hayo mawili. Jane Grey alitangazwa malkia tarehe 10 Julai 1553, akahesabiwa malkia siku tisa tu, Mary akamng'oa, na Februari iliyofuata akakatwa kichwa. Hakutawazwa kamwe. Miaka 20 kabla yake, tarehe 1 Juni 1533, Anne Boleyn, mke wa Henry VIII, alivikwa taji kwa fahari zote. Hakutawala hata siku moja. Sasa wape wote wawili neno moja uone msomaji ataelewa nini.

Maneno tunayo: alirithi kiti, alishika ufalme, akawa malkia. "Alikalia kiti cha enzi" nalo lanipa picha ya mtu aliyekwisha kaa kitini, lakini hilo nitamvumilia mhariri. Kwa Charles ni vilevile: alirithi tarehe 8 Septemba 2022, akatawazwa tarehe 6 Mei 2023. Na siku hiyo Camilla alitawazwa pamoja naye, ijapokuwa hatawali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sentensi yako iandike hivi: "Malkia Elizabeth II, aliyerithi kiti mwaka 1952 akiwa Kenya."