Aleji ya nikeli na kisu cha mfukoni: angalia mpini kwanza

Kila nikikuta mtu mwenye aleji ya metali anauliza anunue kisu gani cha mfukoni, majibu yote yanahusu ubapa. Chuma hiki kina nikeli, kile hakina, watu wanabishania herufi na namba kana kwamba wanachagua injini ya ndege. Jamani, ubapa ndio sehemu ya kisu unayoigusa kidogo kuliko zote! Mkono unashika mpini, paja linaguswa siku nzima na klipu, kile kibanio cha kukishikiza kisu mfukoni, kidole gumba kinabonyeza kufuli. Kwa hiyo mi ushauri wangu uko kinyume na wa wengi: anza na mpini, klipu na ribiti (vile vipini vya chuma vinavyounganisha mpini), ubapa utauangalia baadaye.

Kabla ya hapo lakini ujue una aleji ya metali gani. Sio kukisia. Mi yangu ni nikeli, ilithibitishwa na daktari wa ngozi kwa kile kipimo cha kubandikwa viraka mgongoni, unakaa navyo saa 48 bila kuloanisha mgongo (kero tupu), vinabanduliwa, wanasoma, halafu unarudi tena siku kadhaa baadaye wasome mara ya pili kwa sababu ngozi nyingine huchelewa kujibu. Uzuri ni kwamba kipimo hicho hicho kinaweza kuonyesha pia kobalti na kromi, na hii ina maana sana kwenye visu kama utakavyoona. Huko kuchelewa ndiko kunakochanganya watu, maana upele wa nikeli hautokei palepale, unaweza kuja kesho yake au hata keshokutwa, sasa mtu anashinda na kisu Jumatatu, Jumatano anawashwa paja, analaumu sabuni. Mimi kabla ya kupimwa nilikuwa nalaumu sabuni, suruali, joto, kila kitu isipokuwa klipu, na upele wenyewe ulikuwa na umbo la klipu kabisa, mstari mrefu mwembamba juu ya paja.

Sasa kitu ambacho wengi hawaambiwi: kiasi cha nikeli kilichomo ndani ya metali sio hoja kuu, hoja ni kiasi kinachotoka. Jasho lina chumvi na asidi kidogo, linaitoa nikeli kwenye chuma, ndipo inaingia kwenye ngozi. Ndio maana hata Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria yake ya nikeli mwaka 1994 kwa vitu vinavyokaa kwenye ngozi muda mrefu, kama saa na vifungo vya nguo, ulipima inayotoka: isizidi maikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Chuma cha pua cha 304, kile cha masufuria na vijiko, kina nikeli asilimia 8 hadi 10 na kidogo, lakini watu wengi wenye aleji wanakivumilia kwa sababu kina utando mwembamba juu unaoishikilia nikeli humo ndani. Ukiwa na aleji kali sana usikiamini moja kwa moja, ila pia usikimbie ukisikia tu neno nikeli.

Adui mwenyewe ni huyu: ile metali nyeupe ya kung'aa inayowekwa kwenye ncha za mipini ya visu vya kizamani, pamoja na kile kinembo kidogo kilichopachikwa katikati ya mpini na mara nyingine ribiti zenyewe. Wauzaji wanaiita fedha ya nikeli. Haina fedha hata chembe, ni shaba, zinki na nikeli, na nikeli mara nyingi inafika asilimia 18 hivi. Kinapendeza kweli kisu cha namna hiyo, ukiwa na mpini wa pembe au mbao unatamani kukishika tu, na hapo ndipo shida ilipo maana kiganja chako chenye jasho kinakaa juu yake. Mi vya aina hii navitazama kabatini basi.

Adui wa pili ni vitu vilivyopakwa nikeli juu: klipu za bei rahisi, pete za funguo, skrubu. Hivi ni vibaya kuliko 304 ingawa tabaka lenyewe ni jembamba, kwa sababu pale unagusa nikeli yenyewe, haijafungwa kwenye chuma chochote. Na klipu iliyopakwa rangi nyeusi isikudanganye, rangi hukwanguka kwenye kona kwanza, yaani palepale panaposugua mwili. Halafu watu wanasahau ile pete ndogo ya kuning'iniza kisu kwenye funguo, unanunua kisu kizuri, salama kabisa, kumbe kidude kile cha mwisho ndio kinakuwasha. Kitoe, weka kamba.

Haya, tuje kwenye ubapa maana najua mnaungoja. Vyuma vingi vya visu havijaongezwa nikeli kabisa, hizi herufi na namba ni majina ya aina za chuma: 1095, 440C, 154CM, 14C28N, S30V, hivyo vyote ni sawa kwa mtu wa nikeli. AUS-8 inayo kidogo, haifiki nusu asilimia, mi hainisumbui. Wa kuangalia ni H1, kile cha visu vya baharini kisichoshika kutu, kina nikeli kama asilimia 6 hadi 8, na visu vya damasku vyenye michirizi, kwa sababu ile michirizi myeupe mara nyingi inatokana na 15N20 ambayo ina nikeli kama asilimia 2. Na wewe ambaye kipimo kilionyesha kobalti, soma hapa vizuri: VG-10 na N690 zina kobalti kama asilimia 1.5. Mtu wa nikeli peke yake hana haja ya kuviogopa, ila wengi wenye aleji ya nikeli wanakutwa na ya kobalti pia, ndio maana nikasema pima kwanza.

Unahakikishaje sasa kwamba kisu kilichoko mkononi ni salama? Kuna ushauri unazunguka wa sumaku, ati ikinata basi hakuna nikeli. Nusu kweli. Chuma cha 304 sumaku hainati au inanata kwa shida, fedha ya nikeli hainati, kwa hiyo kipande cheupe kisichonata na ambacho sio titani wala alumini kinatia shaka. Lakini kinyume chake hakifanyi kazi! Chuma kilichopakwa nikeli kinanata vizuri tu, nikeli yenyewe inavutwa na sumaku, kwa hiyo ukiitegemea sumaku peke yake utapitishwa na klipu mbaya kuliko zote.

Nunua kipimo cha DMG, yaani dimethiliglaioksimu. Ni vichupa viwili au kimoja kilichochanganywa tayari, unaweka tone kwenye kijiti cha pamba, unasugua chuma kama nusu dakika, pamba ikigeuka waridi nikeli inatoka. Hakiharibu kisu, pafute tu baadaye. Pima klipu, kila ribiti, kichwa cha kila skrubu, mgongo wa kisu, ncha za mpini. Kinaonyesha ya juu tu, kwa hiyo kitu kilichopakwa rangi kipime tena kikishachakaa, na kobalti hakioni kabisa.

Kama unataka niseme tu ununue nini, mi natafuta mpini wa G10 (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu), mikata (kitambaa au karatasi iliyogandishwa hivyo hivyo), nailoni ngumu au mbao, klipu ya titani au isiwepo kabisa. Opinel ya kawaida, kile kisu cha kukunja cha Kifaransa, inanifaa sana kwa hilo, mpini ni mbao mtupu, haina klipu, chuma unachogusa ni ile pete ya kufungia na unaigusa sekunde chache. Victorinox, vile visu vya Kiswisi, zenye mpini wa alumini nazo ni nzuri, ila kumbuka pete ya funguo niliyosema. Mpini wote wa titani ni raha lakini skrubu zake sio lazima ziwe titani, zipime. Mpini wote wa chuma cha pua, hata ungekuwa mzuri vipi, mi napita.

Kama tayari una kisu unachokipenda na klipu yake ndio tatizo, ifungue tu, nyingi zinashikwa na skrubu mbili tatu, au ivalishe ule mrija wa plastiki wa mafundi umeme unaosinyaa ukipata joto. Rangi ya kucha isiyo na rangi inasaidia pia ila kwa klipu inabanduka haraka mno, itafaa zaidi kwenye kinembo au ribiti ambazo hazisuguliwi sana, na uirudie mara kwa mara. Na wenye aleji ya kromi, mkiwaza kukiweka kisu kwenye ala ya ngozi ili kisiguse mwili, ulizeni ngozi imetengenezwaje, maana nyingi hulainishwa kwa chumvi za kromi na zinaweza kuwawasha kuliko kisu chenyewe. Chukueni ala ya nailoni au ya turubai.