Maswali na Majibu: Jeraha Jipya Halikandwi

Shikamoo daktari. Jumapili nilipigwa goti la paja tukicheza mpira Iyunga. Paja limevimba na kuwa gumu. Mama ananikanda kwa maji ya moto na kunichua kila jioni, lakini maumivu yanazidi. Aongeze nguvu?

Marahaba. Asiongeze, aache leo. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado kila wiki linarudi na paja jipya.

Msuli ukigongwa, mishipa midogo ya damu ndani yake inapasuka. Maji ya moto yanaitanua, na mkono unaochua unachana upya kilichoanza kujifunga, hivyo damu inazidi kuvuja. Msuli wa mbele ya paja ukiumia hivyo kisha ukachuliwa, unaweza hata kuota mfupa ndani yake, goti likagoma kukunjika kwa miezi. Najua kwetu kijana akichechemea tu kutoka uwanjani, sufuria iko jikoni tayari. Kwa mgongo uliokaza baada ya kutwa nzima shambani, maji ya moto ni mazuri. Kwa jeraha la jana, hapana.

Siku mbili tatu za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Huna barafu? Maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa saba yanaifanya kazi hiyo vizuri tu. Funga bandeji isiyozuia damu, mguu uuegemeze juu ya mto, na goti ulikunje kadiri linavyovumilia. Paja likizidi kukaza, maumivu yakiwa makali kupita kiasi au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali usiku huohuo.

Nilichanika nyama za nyuma ya paja wiki mbili zilizopita. Sasa sisikii maumivu. Jumamosi ni fainali ya ndondo, na kocha anasema nichome diklofenaki nicheze.

Kama husikii maumivu, sindano ya nini? Kocha wako anajua jibu, ndiyo maana anaitaka.

Kutoumwa ukiwa umekaa kwenye benchi hakusemi lolote kuhusu mbio. Umeshakimbia kasi yako yote, siku tofauti, ukasimama ghafla na kugeuka bila kusitasita? Kama bado, hujapona. Hili ndilo jeraha la msuli linaloongoza kwenye soka, na lina tabia ya kurudi, mara nyingi baya kuliko la kwanza. Sindano inaficha maumivu, haiungi msuli. Ukiichoma huku mwili umekaukiwa maji, figo nazo zinaingia hatarini.

Ukipona, piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe kifudifudi polepole huku ukijizuia kwa nyuma ya mapaja. Timu zinazolifanya zoezi hili mara kwa mara hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu, na halina gharama. FIFA nayo ina programu ya kupasha mwili ya dakika 20 tu. Timu zetu hupata hela ya jezi mpya kila msimu, ila dakika hizo 20 hazipatikani.

Kunyoosha viungo kabla ya mechi kunatosha?

Hakutoshi. Kimbia taratibu mpaka jasho litoke, hasa asubuhi za baridi.

Nilipanda mlima Loleza vizuri, nikashuka kwa mbio. Siku ya pili siwezi hata kushuka ngazi. Ni asidi kwenye misuli?

Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi, tuache kuisingizia. Kilichokuumiza ni kushuka: msuli wa paja unarefuka huku umekaza kukuzuia usiporomoke, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Tembea, usilale tu. Ila mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hayo si maumivu ya kawaida: wahi hospitali siku hiyohiyo, figo zinaumia.

Nimetoka Dar kwa basi. Kigimbi kimoja kimevimba na kina joto. Dukani wamenipa dawa ya kuchua.

Usichue! Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ikimeguka inakwenda kwenye mapafu. Nenda hospitali sasa hivi, na ukianza kubanwa kifua usisubiri hata bajaji ya bei nafuu.

Mwanangu, nina miaka 63. Mazoezi ya misuli si ya vijana?

Shikamoo mama. Vijana wana misuli ya akiba, wewe ndiye unayeyahitaji mazoezi zaidi, maana misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini. Keti na usimame kwenye kiti bila kushika, mara kumi, pumzika, rudia. Nyanyua kidumu cha maji. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Na sahani isiwe viazi peke yake. Maharage, dagaa na maziwa tunavyo. Presha ipimwe kwanza, na usibane pumzi unaponyanyua.