Mwenzangu Mbudha Ananena Kama Mathayo

*SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nafanya kazi za ndani hapa Muscat. Nyumba tunayotumikia tuko wawili, mimi naangalia watoto, mwenzangu wa jikoni ni dada wa Sri Lanka, Mbudha. Juzi nilikorofishana na mama mwenye nyumba nikaapa nitamkomesha. Yule dada akanishika mkono akasema chuki haizimwi kwa chuki. Nilidhani amesoma Mathayo! Kaka yangu Tanga anasema ameona YouTube kwamba Yesu alisomea India kwa Wabudha. Mama naye hataki hata kusikia, anasema nikae mbali na huyo dada. Mwezi Mei ana sikukuu yake na ameahidi kunigawia chakula. Je, dini hizi ni moja? Na nile au nisile?*
Msomaji, Muscat

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana lake ni jepesi. Habari ya Yesu kusomea India ilienezwa na Mrusi Nicolas Notovitch, aliyechapisha kitabu mwaka 1894 akidai kwamba alisomewa maandiko yenye habari hiyo katika monasteri ya Hemis, huko Ladakh, kaskazini mwa India. Mwaka 1895 mwalimu wa chuo cha Agra, J. Archibald Douglas, alifunga safari mpaka Hemis akamweleza mkuu wa watawa madai yale. Mzee akasema ni uongo mtupu. Anachotazama kaka yako ni nguo ileile kuukuu, imefuliwa na kuanikwa upya.

Sasa huyo dada. Maneno yake yamo katika Dhammapada, mafundisho ya Buddha yaliyokusanywa kwa beti, tena mwanzoni kabisa, ubeti wa tano. Mbele kuna mwingine unaosema mwenye hasira ashindwe kwa upole, na mbaya kwa wema. Fungua Warumi 12:21: "Usishindwe na ubaya, bali uushinde ubaya kwa wema." Buddha alitangulia kwa karne kadhaa, lakini mimi sioni haja ya kumsaka mwizi hapa. Mtu yeyote aliyekaa na majirani wakorofi na akafikiri sawasawa anaweza kufika hapo.

Kinachonigusa zaidi ni kisa kimoja kilicho katika vitabu vya kanuni za watawa wao. Buddha alikuwa akipita vyumbani na mwanafunzi wake Ananda, wakamkuta mtawa anaharisha, amelala katika uchafu wake mwenyewe. Wakauliza nani anamuuguza. Hakuna. Wenzake walimwacha kwa kuwa naye hakuwa na faida kwao. Buddha akamtuma Ananda maji. Yeye akamimina, Ananda akaosha, kisha mmoja akashika kichwa, mwingine miguu, wakamlaza kitandani. Ndipo akawakusanya watawa akawaambia: hapa hamna mama wala baba wa kuwauguza, msipouguzana ninyi kwa ninyi, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, na amhudumie mgonjwa.

Isome polepole, halafu usome Mathayo 25:40. Nimezika watu waliofia vyumba vya uani huku wanakwaya wakijua wanaumwa, kwa hiyo kisa hiki sikisomi kama habari za Wahindi wa kale.

Lakini dini moja? Hapana, na huyo dada mwenyewe atakukatalia. Wao hawana Mungu Muumba wa kupigiwa magoti aokoe. Dhammapada hiyohiyo inasema mtu hujitakasa mwenyewe, hakuna awezaye kumtakasa mwenzake. Sisi tunasema tumeokolewa kwa neema, na bila msalaba hatuna habari njema ya kuhubiri. Wao wanaamini mtu huzaliwa tena na tena mpaka aondokane na tamaa. Hayo hayapatani, na kuyapaka asali ni kuwadharau wote wawili.

Mwulize habari za mlima wa kwao, Sri Pada, mita 2,243. Kileleni pana alama ya unyayo. Wabudha husema ni wa Buddha, Wahindu wa mungu wao Shiva, Waislamu na Wakristo wengi husema wa Adamu. Watu hupanda usiku ili wawahi jua likichomoza, ngazi ni hizohizo kwa wote, ila unyayo ni wa nani kila mmoja ana jibu lake.

Mama yako ana hofu ya mzazi, usibishane naye kwa simu. Mwambie tu kwamba huyo dada ndiye aliyekuzuia usigombane na mwajiri.

Chakula. Sikukuu hiyo ni Vesak, mwezi mpevu wa Mei, wanapokumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata nuru kwake na kufa kwake. Kwao huwasha taa na kugawa chakula bure hata kwa mpita njia. Paulo katika 1 Wakorintho 10:27 anasema ukialikwa na asiyeamini, ule bila kuuliza-uliza. Aya inayofuata inasema ukiambiwa kimetolewa sadaka kwa sanamu, uache. Basi zungumza naye kabla hajapakua, mwambie kile kilichowekwa mbele ya sanamu huli, cha sufuriani unakula. Ataelewa. Na Krismasi umpikie pilau. Wengi wao hawali ng'ombe, kwa hiyo weka kuku.