Walipong'oa kibao changu cha matumbawe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mombasa, kazi yake ni kuwatembeza wanafunzi kwenye jumba la maonyesho, aliniandikia: "Mkuu mpya anasema kibao cha maelezo ya matumbawe kitoke, eti kina siasa. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe nikiwa ndani ya basi, nikapitiliza vituo viwili.

Hicho kibao nakijua. Changu kilikuwa cha njano.

Nilitoka Tanga nikaja Marekani, na baada ya miaka ambayo haina la kusimulia nikapata kazi ya kuongoza wageni kwenye makumbusho madogo ya sayansi. Jimbo silitaji, maana baadhi ya niliofanya nao kazi bado wananisoma. Nikapewa kona ya bahari. Matumbawe, yale yaliyokuwa yakitukata nyayo utotoni, hapa yamewashiwa taa! Maelezo niliyaandika mwenyewe, nikayarudia mara saba: jinsi maji ya Bahari ya Hindi yalivyopata joto kupita kiasi mwaka 1998, matumbawe yakautema mwani mdogomdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka, mengi yakafa. Sentensi ya mwisho ilisema bahari inazidi kupata joto kwa sababu tunachoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Januari 2017 serikali ikabadilika Washington. Sisi hatukuletewa amri yoyote. Hakuna barua, hakuna simu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bosi wetu aliogopa tu, tena aliogopa mapema kabla ya kuambiwa lolote. Kwanza akaifuta sentensi ya mwisho. Mwezi uliofuata kibao kizima kikang'olewa, pakabandikwa picha ya samaki anacheka. Samaki, jamani.

Hapo nikakosea. Nilisimama kikaoni nikapayuka. Niliwaita waoga, na mengine ambayo mama angenifinya kwayo. Zamu zangu zikashuka kutoka tano kwa wiki hadi mbili. Wenzangu, walewale walionipa pole kwenye korido, kikaoni waliangalia viatu vyao. Jumamosi ya tarehe 22 Aprili nikaenda kwenye maandamano ya sayansi, nimebeba kile kibao kichwani kama sinia la mandazi. Nikajiona shujaa. Jumatatu narudi kazini, samaki bado anacheka. Juni mosi Trump akatangaza kwamba Marekani itajitoa kwenye Mkataba wa Paris, yale makubaliano ya mataifa ya kuzuia dunia isizidi kupata joto, bosi akapita mezani kwangu akasema, "Unaona?"

Akili ilinijia baadaye San Francisco, kwenye makumbusho ya sayansi ya California Academy of Sciences. Taasisi hiyo ni ya mwaka 1853. Tetemeko la 1989 liliharibu majengo yake, na jengo la sasa, kazi ya msanifu majengo Renzo Piano, lilifunguliwa 2008. Wageni hukimbilia paani kuona ile mimea 1,700,000 iliyopandwa juu ya vilima. Mimi nilibaki chini nimeweka kiganja ukutani, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya kuta hizo, kuhifadhi joto, wamejaza jinzi kuukuu zilizosagwa. Nikacheka peke yangu. Aje mkuu yeyote, atabomoa ukuta atoe suruali?

Basi dada, na lenu liingie ukutani: andika. Msimamo wa jumba lenu juu ya mazingira uandikwe kwenye malengo ya taasisi, kwenye mwongozo wa waongozaji, kwenye mikataba ya wafadhili. Hasa mikataba: mwaka 2021 ilifichuka kwamba Science Museum ya London ilikuwa imekubaliana na kampuni ya mafuta ya Shell, mfadhili wa maonyesho yake ya tabianchi, kutosema lolote la kuichafulia jina. Na hayo pia yaliandikwa! Kwa hiyo soma, halafu andika. Mkuu akikuambia jambo kwa mdomo, mwandikie barua pepe ya heshima: "Nimekuelewa kwamba unataka hivi, kwa sababu hii." Wengi hurudi nyuma wakiona maneno yao yamekaa kwenye karatasi. Na usipayuke. Vijana mnapenda kuandamana hata kanuni za kazini hamjazifungua. Nawasema kwa sababu mimi ndiye niliyeanza.

Ninapofanya kazi sasa nilikaa kwenye kamati miezi kumi na minne (sitawachosha) mpaka maneno "mabadiliko ya tabianchi" yakaingia kwenye waraka wa bodi. Tarehe 20 Januari 2025 Trump, aliyerudi madarakani, akasaini amri ya kuitoa Marekani tena kwenye Mkataba wa Paris, ambao ilikuwa imeurudia. Kesho yake nafika kazini, namkuta fundi juu ya ngazi kwenye kona yangu, bisibisi mkononi. Magoti yaliniisha nguvu. Kumbe anabadilisha balbu. Nilienda kulia chooni.

Kwa hiyo nitumie nakala ya sheria au katiba iliyoanzisha jumba lenu tuisome pamoja Jumapili. Lakini kabla ya hilo kipige picha kibao, mbele na nyuma, leo hii, kabla hawajaja na bisibisi.