Usitumbukize trela la boti majini likiwa bado la moto

Tulikuwa tunatoka Tanga kurudi Moshi, hatujafika hata Makanya, bodaboda mmoja akatupita huku akipunga mkono na kuonyesha nyuma. "Mangi, trela linatoa moshi!" Mdogo wangu akacheka, akasema Moshi bado, zaidi ya kilomita 100 mbele. Nikasimama. Gurudumu la kushoto limelala upande kama mtu aliyeteguka kifundo. Nilitemea mate kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, yakachemka.

Beringi ya ndani, ile inayolizungushia gurudumu kwenye ekseli, ilikuwa imeungua na kung'ang'ania ekseli, haitoki kwa nyundo wala kwa matusi. Tukalala pale na boti yetu ya faiba, asubuhi akaja fundi kutoka Same na grenda akaikata. Gharama sizitaji, mke wangu anasoma hapa.

Kilichoniuma ni kwamba siku moja kabla ya safari nilikuwa nimeweka grisi. Nimepiga pampu mpaka nikaridhika. Kwa hiyo nilipokaa pale barabarani nilikuwa namlaumu aliyeniuzia beringi, na nilichelewa sana kugundua kwamba wa kulaumiwa ni mimi, tena mara mbili.

Kosa la kwanza ni haraka. Tulikimbiza trela kilomita zipatazo 350, tukafika Tanga mchana wa jua kali, tukarudi nyuma moja kwa moja mpaka baharini. Habu iliyotembea hivyo ni ya moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukiizamisha ghafla, ile hewa husinyaa na kuvuta. Inavuta nini? Maji, yanayopenya kwenye mdomo wa sili ya nyuma, ule mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Hata sili nzima inaweza kushindwa. Na yale yalikuwa maji ya chumvi, yakabaki humo siku tatu wakati sisi tunavua na kupiga soga.

Kosa la pili ni ile pampu. Habu ikishajaa, grisi unayoendelea kusukuma hutafuta pa kutokea, na mara nyingi huisukuma sili ya nyuma ikatoka mahali pake. Niliona grisi imetapakaa ndani ya rimu, nikaipangusa kwa tambara nikidhani ni ziada tu. Kumbe nilikuwa nimeyafungulia mlango maji ya Tanga.

Jambo jingine ambalo watu wa magari hulisahau: trela langu lina rimu za inchi 12. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko la gari katika kilomita ile ile, kwa hiyo beringi zake huchoka mapema, hata kama mzigo unauona mdogo.

Sasa nafungua mwenyewe kila mwaka, na kila ninaporudi baharini hata kama mwaka haujatimia. Piga jeki, weka mawe kwenye gurudumu la upande wa pili, kisha kabla ya kufungua chochote shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, au likinguruma unapolizungusha, umeshapata jibu. Ukitoa kifuniko angalia rangi ya grisi. Ikiwa nyeupe kama maziwa ya mgando, maji yameingia, hakuna mjadala. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, ukaushe. Usiikaushe beringi kwa kuizungusha kwa upepo wa kompresa kama vijana wa gereji wanavyopenda kwa sababu ya ule mlio. Inazunguka kavu na inaweza kukurukia usoni.

Kisha iangalie juani. Rangi ya bluu maana yake iliungua. Vishimo, au mistari myeusi iliyopangika kwa nafasi sawa ndani ya kikombe, ile pete ya chuma ambamo beringi hukaa, ni kutu iliyoota pale roli, vile vyuma vidogo vya beringi vinavyozunguka, zilipolala wakati trela limeegeshwa miezi mingi. Hiyo haisuguliwi kwa msasa. Tupa, na ubadilishe beringi pamoja na kikombe chake, kwa sababu vimezoeana. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, usome namba iliyochongwa ubavuni. Kumwambia muuzaji "ya trela" hakumsaidii yeye wala wewe. Sili nunua mpya kila unapofungua.

Grisi iwe ya kuhimili maji, na usichanganye aina mbili, maana zingine zikikutana hulainika na kuchuruzika. Weka fungu kiganjani, bonyeza ule upande mpana wa beringi mpaka grisi itokeze juu katikati ya roli, zungushia yote. Mikono inachafuka. Hakuna njia nyingine niliyoiamini.

Kwenye kukaza ndipo mimi na fundi wangu wa Majengo tunapogombana. Yeye hukaza nati kwa spana, anamalizia kwa nguvu ya bega. "Itacheza, mzee." Mimi nakaza huku nazungusha gurudumu ili beringi ikae vizuri, kisha nalegeza kabisa, nakaza tena kwa vidole tu. Tundu la pini inayozuia nati isifunguke lisipolingana, narudisha nyuma kidogo, siongezi mbele. Pini mpya. Nikishatembea kilomita 10 nasimama, nagusa habu zote mbili. Uvuguvugu si tatizo. Ikikufanya uondoe mkono, rudi nyumbani.

Chini ya kiti kuna habu nzima ya akiba, imeshapakwa grisi na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni, na sili na nati pembeni. Pale Makanya ningeitoa roho kwa ajili yake.

Safari zangu nyingi siku hizi ni za bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji yake ni baridi kuliko habu iliyotoka safarini, na vumbi la kutoka barabara kuu halina huruma, kwa hiyo sishuki ukingoni moja kwa moja. Naegesha juu, nachomoa waya wa taa za trela zisije zikaungua majini, nagusa habu, kisha naenda kwa mama mmoja anayekaanga perege. Nikimaliza wawili na chai, nusu saa imepita na habu zimepoa. Mdogo wangu anasema nilinunua boti ili nipate sababu ya kula samaki waliovuliwa na wengine.